Gauni la Kompyuta

Nyumbani kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, friji lina kitambaa, mtungi wa gesi una sketi ya marinda, na rimoti inaishi ndani ya soksi ya rangi ya waridi aliyoifuma Mama kwa mkono wake, yenye kifungo. Televisheni ina pazia. Ukitaka taarifa ya habari unalipandisha pazia kwanza, na habari zikiwa mbaya sana Mama hulishusha. Mgeni anayekuja mara ya kwanza hukaa ukingoni mwa kochi, akiogopa asije naye akavalishwa.

Sisi tuliokulia humo hatuvioni tena vitambaa hivyo. Tunapita, tunapandisha, tunashusha, basi. Hilo mlishike, maana ndilo lililotuponza.

Kaka yangu anaitwa Kamanda. Si wa jeshini, jeshi lilimkataa kwa sababu ya miguu bapa. Ni Kamanda wa mchezo wa vita wa mtandaoni, ambako watu watano wanapigana na wengine watano, na yeye ndiye anayekiongoza kikosi. Analipwa mshahara kwa kazi hiyo, na Baba hakuamini mpaka alipompigia mwajiri simu na kumhoji kama anafungua kesi. Siku Kaka alipoleta kompyuta ya kuchezea, boksi jeusi lenye ubavu wa kioo na feni zinazowaka taa za kila rangi, aliiweka sebuleni kwa kuwa chumbani kwake mtandao haushiki. Mama aliizunguka akaikagua kama anachagua mbuzi.

"Itakaa," alisema. "Lakini haitakaa hivyo."

Gauni lilichukua miezi. Lilikuwa jeupe, la nyuzi za pamba, na lilifunika juu, nyuma na mbavu zote mbili. Mbele Mama aliliacha wazi kama koti, ili kitufe cha kuwashia kifikike. Pembeni aliacha matundu mawili yaliyozungushiwa pindo, kila moja lenye mpasuo wa vifungo mpaka chini ili nyaya zitoke bila kuchomolewa, la kushoto kwa waya wa umeme, la kulia kwa nyaya za skrini na kibodi, na chini akaninginiza vishada. Kaka alinung'unika kwamba taa hazitaonekana. Zikaonekana, kupitia vitundu vya ufumaji, na kusema kweli zilipendeza kuliko mwanzo. Hewa nayo ilipita humohumo bila kumwomba mtu ruhusa, na kompyuta ikaishi na gauni lake kwa amani.

Aliyeiharibu amani hiyo ni fundi wa kompyuta, ambaye mtaa mzima unamwita Daktari. Jina alijipa mwenyewe. Huvaa koti jeupe, hubeba mkoba, na kompyuta haiiti kompyuta, huiita mgonjwa. Alikuja siku moja kuipuliza vumbi, kazi ya dakika chache, lakini Daktari hawezi kuondoka mahali bila kutoa mhadhara.

"Mama," alisema, kidole juu, "adui wa kompyuta ni mmoja tu. Vumbi. Likiingia vumbi, mgonjwa amekwisha."

Mama ni mtu anayemsikiliza mtaalamu. Daktari wa meno alimwambia asitafune barafu na mpaka leo hata jokofu halikaribii kwa meno wazi. Kesho yake alichukua koti la mvua la zamani la Baba, akalifumua, akalishona ndani ya gauni kama bitana, juu mpaka chini.

"Haya," alisema akilipigapiga. "Sasa hilo vumbi litapitia wapi?"

Kweli, ukiacha ule uwazi wa mbele, halikuwa na pa kupitia. Halikuwa peke yake.

Wiki hiyohiyo kompyuta ikaanza kujizima. Kaka anaongoza vita, watu wanne wanamsubiri atoe amri, feni zinalia kama zinataka kupaa, halafu kimya. Skrini nyeusi. Kisha mashine inajiwasha yenyewe taratibu, kama mtu aliyesinzia kanisani na anajifanya alikuwa anasali. Wakati huo kikosi kizima kimeshachinjwa.

Hata hilo tungelivumilia, isingekuwa mchumba.

Kaka alikuwa amempata mchumba, msichana mpole mwenye macho ya kucheka, mwalimu wa chekechea. Baba yake ana kiwanda cha mikate na hana habari na kitu kingine chochote duniani. Anapima watu kwa mikate, anapima mvua kwa mikate, na ukimpa pole ya msiba anakuambia siku ile mikate iliuzwa mingi. Alikuja kwetu kumwona mkwe wake mtarajiwa, akakuta Kaka amejipanga kumwonyesha kazi yake. Kaka akaanza kueleza: hiki ndicho kikosi, hii ndiyo ngome, hapa ndipo ninapo... Skrini nyeusi.

Mwokaji aliitazama ile skrini. Kisha akamtazama Kaka.

"Kazi gani hiyo inazimika yenyewe?"

"Ni hitilafu ndogo tu, baba."

"Mimi mkate ukiingia tanuri, unatoka. Sijawahi kumpa mtu mkate wa nusu." Akasimama, akavaa kofia. "Nitarudi Jumamosi mchana. Kijana acheze mchezo mmoja, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya macho yangu. Ukiisha, tutazungumza harusi. Usipoisha, binti yangu sitamwacha aolewe na mtu asiyemaliza."

Mchumba aliondoka nyuma ya baba yake huku akimtazama Kaka kwa jicho la kuomba. Kaka, Kamanda mzima, alishika tama mpaka chakula cha jioni kikapoa.

Sasa hapo ndipo alipoingia Baba. Baba alistaafu uenyekiti wa chama cha ushirika zamani, lakini uenyekiti haujamstaafu yeye. Kwetu hata sabuni ikiisha kinaitishwa kikao. Asubuhi iliyofuata meza ya kulia ilikuwa imeshageuka ukumbi. Mimi nikawa katibu, eti kwa kuwa nauza kwenye duka la dawa nimezoea maandishi magumu. Mjomba, ambaye hutengeneza majokofu, akawa mshauri wa ufundi. Kaka akawa mlalamikaji. Mama hakuwa chochote, alikuwa jikoni anachemsha chai ya wajumbe.

"Ajenda ni moja," alisema Baba. "Kompyuta kujizima. Nani anaanza?"

"Umeme," alisema Mjomba.

"Sijakuruhusu."

"Ndiyo, lakini ni umeme."

Kwa Mjomba kila kitu ni umeme. Ndoa ya jirani ilipovunjika alisema tangu mwanzo umeme wa nyumba ile ulikuwa mdogo. Wakabishana. Mama akatokea mlangoni na sinia, akasimama, akasubiri watu wavute pumzi.

"Mimi kuna kitu nimekiona," alisema.

"Mama, kupitia kwa mwenyekiti," alisema Baba bila kuinua kichwa.

"Si wewe ndiye mwenyekiti?"

"Ndiyo maana nakwambia. Tumalize kwanza la umeme."

"Chai itapoa."

"Basi weka chai."

Akaweka chai, akarudi jikoni na neno lake. Hakuna aliyemfuata kumuuliza ni kitu gani. Kikao kiliendelea mpaka wajumbe wakachoka, kikaazimia kwamba Mjomba alete stabilaiza ya kutuliza umeme, friji lizimwe wakati wa vita, na kompyuta ihamishwe kutoka dirishani, ambako Baba alisema jua linaichosha, ikabanwe kwenye kona nyuma ya kochi. Nami nikauliza, kwa unyenyekevu wote wa katibu, kama huenda ni joto, maana zile feni zinalia kweli.

"Swali zuri," alisema Baba. "Aitwe mtaalamu."

Stabilaiza ilikuja, kubwa kama mzinga wa nyuki na yenye kelele zilezile. Mama akaishonea sketi. Kompyuta ikajizima. Friji likazimwa, maziwa yakaharibika, kompyuta ikajizima. Akaitwa Daktari.

Mama alipomwona Daktari anafungua lango alikimbia sebuleni kulivua gauni. Si kwa sababu nyingine, ni mikono yake. Daktari hula maandazi akitengeneza, na mikono ile kwenye kitu cheupe Mama asingeiruhusu hata kwa dawa. Kwa hiyo Daktari aliikuta kompyuta kama ilivyozaliwa. Akaivuta katikati ya chumba, akaiwekea programu ya kuonyesha namba za joto pembeni mwa skrini, kijani ikiwa salama, nyekundu ikiwa hatari, akamwambia Kaka acheze. Kaka akacheza mchezo mzima. Namba zikabaki kijani mwanzo mpaka mwisho.

"Joto halipo," alisema Daktari akifunga mkoba. "Mgonjwa ni mzima kuliko mimi."

"Katibu, andika," alisema Baba. "Joto limefutwa."

Nikaandika. Joto likafutwa. Daktari alipotoka, kompyuta ikarudishwa kwenye kona, Mama akaivalisha gauni lake, na Kaka akaziondoa zile namba kwa sababu zilikuwa zinamziba kiramani chake cha maadui. Mchezo uliofuata haukufika hata nusu. Skrini nyeusi.

Daktari akaitwa tena. Gauni likavuliwa, kompyuta ikafanya kazi kama malaika. Daktari akaenda zake. Gauni likavaliwa, kompyuta ikazimika. Sasa na nyinyi msicheke mapema. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mwenyekiti, mshauri wa ufundi, katibu na Kamanda, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona lile gauni, kama mtu asivyoiona pua yake.

Aliyekuja na jibu ni Mjomba.

"Inamwogopa," alisema.

"Nani?"

"Kompyuta. Inamwogopa Daktari. Akiwepo, inatulia. Akiondoka, jeuri inarudi."

Nilitegemea Baba amfukuze kikaoni. Badala yake alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na nikajua wazo limempata. Azimio la mwisho la Ijumaa lilikuwa kwamba Daktari ahudhurie Jumamosi, akae kwenye kochi ambako kompyuta itamwona vizuri. Ila wakwe wasijue kuna fundi, maana fundi akionekana ugonjwa umekubalika. Daktari akaitwa kupewa masharti.

"Kesho wewe si fundi," Baba alimwambia. "Ni binamu yetu. Neno kompyuta lisikutoke kinywani."

Daktari alifikiri kidogo. "Chai ipo?"

"Ipo. Na biskuti."

"Basi mimi binamu."

Jumamosi Mama aliiamsha nyumba kwa pasi na wanga. Kila kitu kilivuliwa, kikafuliwa, kikanyooshwa, kikavalishwa upya. Gauni la kompyuta lilitiwa wanga mpaka likasimama lenyewe, na kwa heshima ya wageni Mama akaliongezea utepe wa bluu juu. Kompyuta ilikaa kwenye kona yake kama bibi harusi aliyechelewa kuchukuliwa.

Mwokaji alifika na binti yake na kikapu cha mikate, yote mizima, akahakikisha tumeona kwamba ni mizima. Akaketi kwenye kiti kilicho karibu na skrini, mikono juu ya magoti, kama msimamizi wa mtihani. Macho yake yakaanza kutembea kwenye vitambaa.

"Kazi ya mkono hii?"

"Ya mkono," alisema Mama, na uso ukamng'aa.

"Na hiyo?" Alionyesha gauni.

"Hiyo ndiyo iliyonichosha kuliko zote."

"Mtu aliyefuma hii," alisema Mwokaji kwa sauti nzito, "ni mtu anayemaliza."

Mama aliliweka sawa lile sinia ambalo lilikuwa limekaa sawa. Ni miaka mingi sijamwona ameona haya namna ile, na nilifurahi mpaka nikasikia uchungu, kwa sababu kwetu hakuna anayemsifia. Tunapandisha pazia, tunashusha.

Kaka akavaa hedifoni, akakohoa, akaanza. Na Daktari, aliyekuwa na biskuti mkononi, akageuza kichwa kumtazama mgonjwa wake.

Biskuti ilianguka ndani ya chai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona kompyuta ikiwa imevaa. Alitoa macho, akamtazama Baba, akaitazama kona.

"Mwenyekiti," alisema.

"Binamu, ongeza biskuti."

"Nilitaka kuuliza tu, ile—"

"Binamu yetu huyu," Baba alimwambia Mwokaji, "ana maswali tangu utotoni."

Daktari akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi cha mtu anayejaribu kusema jambo kwa kikohozi, mpaka Mwokaji akamsogezea maji. Nikaona kuna kitu. Nikamshika mkono, nikamtoa sebuleni, nikampeleka jikoni kwa kisingizio cha kumpa dawa ya kifua.

"Ile nguo!" alininong'oneza tulipofika. "Kila siku inavaa ile nguo?"

"Kila siku."

"Mbona mimi sijawahi kuiona?"

"Ukija Mama anaivua. Kwa sababu ya mikono yako."

Akaitazama mikono yake. "Ndani ina nini?"

"Koti la mvua."

Daktari akaegemea ukuta. "Koti la mvua! Mashine inapumua kwa juu na kwa nyuma, halafu mtu anaivalisha koti la mvua! Nani alitoa wazo hilo?"

"Wewe. Ulisema vumbi."

Daktari akaifuta mikono yake kwenye suruali, mmoja mmoja.

"Itazimika muda si mrefu," alisema. "Nenda kaivue."

"Kaivue wewe, wewe ndiye daktari."

"Mimi leo binamu."

Nikarudi sebuleni roho mkononi. Feni zilikuwa zimeshaanza kulia. Kaka alikuwa anapiga kibodi kama anaua siafu, jasho linamtiririka, na usoni mwake nilisoma kwamba anahesabu muda uliobaki. Mchumba alikuwa amekisokota kitambaa chake cha mkononi mpaka kimekuwa kamba. Nikajipenyeza nyuma ya kochi, nikajifanya naokota kitu, nikaweka kiganja juu ya gauni. Nilikiondoa haraka. Ungeweza kuchemshia yai pale.

Lilikuwa jambo la sekunde moja. Kushika utepe wa bluu na kuvuta. Lakini Mama alikuwa amesimama pale na birika, bado ana ule uso wa kusifiwa, na mimi ningevuta ile nguo mbele ya wakwe ili kila mtu aone kwamba iliyomtia mwanawe aibu, iliyokaribia kuvunja harusi, ni kazi ya mikono yake. Ningesema nini? Samahani Mama, ni wewe? Nisipovuta, Kaka anampoteza msichana pale pale, na yule msichana nilikuwa nimeshampenda kama wifi yangu. Nilibaki nimeinama, mkono hewani, nikiwachukia wote: Baba na ajenda zake, Mjomba na umeme wake, Daktari na mdomo wake.

"Nami unga wangu naufunika hivyohivyo," alisema Mwokaji ghafla.

Alikuwa anamwambia Mama, kirafiki kabisa, kidole kimeelekea kwenye gauni. Hakuwa na hili wala lile.

"Unga?" aliuliza Mama.

"Uliokandwa. Juu kitambaa kizito, ndani nailoni, hewa isipite. Siri yote ni hiyo. Usipofunika haupati joto, hauumuki. Ukifunika vizuri, wewe weka mkono wako pale! Unaungua."

Birika la Mama lilisimama juu ya kikombe. Chai ilikatika. Baba akaanza kuichunguza dari. Mjomba akafungua mdomo, na nina hakika alitaka kusema umeme, ila akautia biskuti. Kaka hakugeuka, lakini mabega yake yaliganda. Nilimtazama Mama akiitazama kona, halafu akinitazama mimi, na mkono wangu bado uko hewani juu ya utepe.

Alijua. Nilimwona anajua, na nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Mama akaliweka birika chini. Akafuta mikono kwenye khanga yake, akatembea bila haraka mpaka kwenye kona, akanisogeza kwa kiuno kama anavyonisogeza jikoni.

"Mwanangu," alimwita mchumba. "Hebu njoo."

Mchumba akaja. Mama akashika vishada, akaifungua mipasuo ya yale matundu, akazitoa nyaya moja moja bila kuchomoa hata mmoja, akalivuta lile gauni juu kwa ustadi wa mtu aliyelishona, na kompyuta ikabaki uchi mbele za watu. Wimbi la joto lilitoka pale likatupiga usoni.

"Hili sikulifuma kwa ajili ya mashine," Mama alisema. Sauti haikutetemeka hata kidogo. "Utaivalisha mashine gauni la miezi? Mashine ilikuwa inanishikia tu, lisikunjike. Nilikuwa namngojea mwenyewe."

Akalizungusha mabegani mwa mchumba. Mbele wazi, kama koti. Mchumba akaangalia huku na huku, akayaona yale matundu mawili, la waya wa umeme na la nyaya za skrini, akapitisha mikono. Ilipita. Utepe wa bluu ukamkaa shingoni. Naapa, lilimkaa kama alipimiwa.

"Ina joto, mama," alisema polepole, na macho yake yalikuwa kwenye macho ya Mama.

"Najua, mwanangu. Vumilia."

Kwenye kona feni zililia, zikalia kidogo, zikanyamaza. Kaka akavuta pumzi iliyosikika mpaka jikoni, akaendelea na vita vyake. Mwokaji alipiga makofi.

"Sasa hii ndiyo zawadi," alisema. "Hebu geuka nione nyuma."

Mchezo ulikwenda ulikoenda. Ngome ilichukuliwa, ikanyang'anywa, sijui nini kikalipuka. Mimi sikuangalia skrini, nilimwangalia wifi yangu. Mchana ule ulikuwa wa jua kali na yeye amekaa ndani ya koti la mvua la Baba, jasho linashuka masikioni, na kila Mwokaji alipomwambia avue apate hewa alijibu kwamba anasikia baridi kidogo. Kama kuna mtu aliyepigana vita siku ile, ni yeye. Hakuvua.

Mwishowe muziki ukalia na maandishi makubwa yakajaa skrini. Kaka akavua hedifoni.

"Umeisha?" aliuliza Mwokaji.

"Umeisha, baba."

"Umeshinda?"

Kaka akameza mate. "Nimeshindwa, baba. Vibaya."

Mwokaji alimtazama.

"Sikuuliza habari ya kushinda," alisema. "Hata mimi kuna siku mkate unatoka umeungua. Lakini unatoka." Akamgeukia Baba. "Mzee mwenzangu, sasa tuzungumze harusi."

Wakazungumza harusi. Daktari alikula mkate mmoja mzima peke yake. Wageni walipoondoka, wifi bado amevaa gauni lake, nilimwona Kaka amesimama langoni anawapungia mkono hata baada ya gari kukata kona.

Baba hakupoteza muda. Kabla vikombe havijatoka mezani alikwisha kuitisha kikao cha kufunga suala.

"Kwanza," alisema, "niipongeze kamati. Kuhamisha kompyuta kwenye kona, stabilaiza, kuhudhuria kwa mtaalamu, yote kwa pamoja yamezaa matunda. Katibu, andika."

Sikuandika. Nilikuwa namtazama Mama, aliyekuwa anakusanya vikombe kwenye sinia. Nadhani hata Baba aliona kwamba kalamu haitembei, maana alikohoa kidogo akasema, "Na wewe, mama, una lolote?"

Mama alisimama. "Kupitia kwa mwenyekiti?"

"Ee... sema tu."

"Siku ile ya chai nilitaka kuwaambia kwamba lile gauni, kila nikilivua, lilikuwa la moto. Moto wa pasi. Nikawa najiuliza kama ni kawaida. Ndicho nilichokiona. Mkaniambia nisubiri umeme."

Mjomba akaangalia kucha zake. Kaka akainama. Kompyuta ilikaa pale kwenye kona, nyeusi, taa zake zinawaka wazi bila haya, na ni kitu cha kwanza katika maisha yangu kukiona kimeachwa uchi ndani ya nyumba ile.

Baba alifunga faili. "Basi," alisema akiinuka, "kwa kuwa ajenda zimekwisha, nakiahirisha—"

"Kaa, mzee," alisema Mama. Akalisukuma sinia kando, akavuta kiti, akaketi mezani, na ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kumwona ameketi kwenye meza ile kukiwa na kikao. "Sijamaliza."

Baba akakaa. Mimi nikainuka, nikaenda jikoni kuleta birika, na safari hiyo nilianza na kikombe cha Mama.